Nina mke, nina kazi, nina nyumba Dodoma. Mbona bado ni mpweke?

SWALI

Habari za kazi dokta. Mimi ni mwanaume wa miaka 41, mtumishi wa umma. Nilihamia Dodoma mwaka 2019 pamoja na wizara yetu, nikitokea Dar es Salaam. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali huko Dar, yeye na watoto wetu watatu walibaki. Tuliomba uhamisho wake mara moja, ukakwama, tukaacha. Naenda nyumbani wikiendi moja, nyingine nabaki kupumzika. Nimejenga Ihumwa, vyumba vitatu, nalala kimoja.

Kinachonisumbua naona hata aibu kukisema. Najisikia mpweke. Watu nawajua wengi, magrupu ya WhatsApp sijui hata idadi, michango yote natoa. Lakini nikishafunga geti jioni sina mtu wa kumweleza siku yangu ilikuwaje. Na mke wangu tunaongea kila usiku, ila ni ada, luku, fundi bomba. Mwezi uliopita nilipewa kukaimu ukuu wa kitengo. Nilipomwambia alisema, "Haya, hongera. Sasa lile deni la mabati tutalimaliza lini?" Kuna dada mmoja ofisini, mwenyeji wa hapa, yeye siku hiyo alipiga vigelegele mpaka watu wakachungulia mlangoni. Huwa ananiletea mlenda na ugali wa uwele, ananiuliza kama nimelala vizuri. Hatujafanya chochote. Ila nimegundua kwamba naisubiri saa ya chakula cha mchana kuliko simu ya mke wangu.

Nikienda Dar napo ni kama mgeni. Mtoto wangu wa pili anamwomba mama yake ruhusa ya kutoka, na mimi nimekaa pale pale sebuleni. Je, nina tatizo la akili? Au nimeshaanza usaliti? Rafiki yangu ananiambia mwanaume mwenye kazi na nyumba hana haki ya kulia upweke.

Mtumishi, Ihumwa

JIBU

Kaka yangu, asante kwa kuandika. Nianze na huyo rafiki yako ili tumalizane naye. Abraham Maslow, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1943 kwamba mtu akishashiba na akishajiona yuko salama, ndipo haja ya kupenda na kupendwa inapomjia kwa nguvu ambayo hakuwa akiihisi wakati anahangaikia tumbo. Kwa hiyo nyumba uliyoimaliza haiwezi kuwa sababu ya kukunyamazisha. Huenda ndiyo iliyokupa nafasi ya kusikia unachokikosa. Ulipokuwa kwenye tofali na nondo, angalau ulikuwa na fundi wa kugombana naye kila jioni.

Tatizo la akili? Kwa uliyoyaandika, sioni. Mwaka 1995 watafiti wawili, Roy Baumeister na Mark Leary, walipitia tafiti nyingi za wenzao wakafikia hitimisho kwamba kuwa na watu wako ni hitaji la msingi la binadamu, si pambo. Wakasema hitaji hilo linataka mambo mawili yaende pamoja. Mkutane mara kwa mara, na makutano hayo yawe ya heri. Halafu wawe ni watu wale wale, ambao una uhakika wanakujali na kesho watakuwepo. Sasa isome barua yako upya. Mke wako ana hilo la pili, ila la kwanza limekonda. Dada wa ofisini ana la kwanza. Magrupu ya WhatsApp hayana hata moja, na ukiongeza mengine kumi bado hayatakuwa nalo.

Kuna jambo moja katika barua yako ambalo nadhani hujaliona, nalo ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu. Unaita "upweke" vitu viwili tofauti, na unataka kimoja kikuondolee kingine. Mwaka 1973, kwa bahati tu mwaka ule ule ambao TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, mwanasosholojia Robert Weiss alitoa kitabu kuhusu upweke. Alikuwa amezungumza na watu waliotengana na wenzi wao, ambao walijiunga na chama cha wazazi wenzao wakapata marafiki wengi, lakini usiku waliendelea kuumia. Akazungumza pia na wake waliohamia mji wa Boston na waume zao. Ndoa zilikuwa nzuri, waume wapo nyumbani, na bado wanawake wale walikuwa wapweke kwa sababu hawakuwa na majirani wala marafiki wa kike wa kupiga nao stori. Weiss akaona kuna upweke wa kumkosa mtu wa karibu kabisa, na kuna upweke wa kukosa jamii. Mwenye kiu humpozi kwa ugali, hata ukimpa sufuria nzima.

Wewe una vyote viwili. Na huyo dada, bila kujua, amebebeshwa mzigo wa vyote: mke ambaye hayupo, marafiki ambao hujawapata, mtaa ambao huujui. Mtu mmoja akibeba yote hayo lazima aonekane wa ajabu.

Si wewe peke yako. Baada ya serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahama kweli kweli, mji huu ulijaa haraka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao 411,000 katika Dodoma mjini, ile ya 2022 ikahesabu wapatao 765,000. Wengi wa hawa wapya walikuja na begi na barua ya kuripoti, familia ikafuata baadaye au haikufuata kabisa. Ofisini kwangu wanakuja, wanaume zaidi kuliko unavyodhani, na karibu wote huanza kwa kulalamikia usingizi au vidonda vya tumbo. Neno upweke hutoka mwishoni, mkono ukiwa tayari kwenye kitasa cha mlango.

Tuje kwa mke wako, maana hapa ndipo penye kazi.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuja Uganda. Alizitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akakaa na akina mama majumbani mwao, akawaangalia watoto wao wachanga 28 wananyonya, wanalia, wanatambaa kwenda mbali na kurudi. Mengi tunayoyajua leo kuhusu mtoto kushikamana na mzazi yalianzia pale, kwa akina mama wa Kiganda, jambo ambalo vitabu vingi hulipita upesi. Aliona kwamba mtoto mwenye uhakika na mama yake huthubutu kwenda mbali kuchungulia dunia, kisha anageuka, anamwona yupo, anaendelea. Na aliona kitu kingine ninachokipenda zaidi. Akina mama walioweza kumweleza kwa kinaganaga mambo madogo madogo ya watoto wao, anachokipenda, kinachomshtua, jana alifanya nini, watoto wao ndio waliokuwa wametulia. Mwaka 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver walionyesha kuwa mapenzi ya watu wazima nayo yanafuata njia hiyo hiyo.

Basi nikuulize. Mke wako mwaka huu anafundisha darasa la ngapi? Lina watoto wangapi? Kuna mwalimu gani anayemkera, na yupi anayemchekesha? Jumatano iliyopita alirudi nyumbani saa ngapi, na alikula nini? Ukiweza kujibu yote bila kusita, nitafute uniambie nimekosea. Kama umesita, basi hapo ndipo ukaribu wenu ulipovujia, na umevuja pande zote mbili. Yeye naye hajui kwamba kuna saa ya chakula cha mchana inayosubiriwa.

Lile jibu lake la mabati limekuchoma, na lina sababu ya kuchoma. Shelly Gable na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2004 kuhusu jinsi wapenzi wanavyopokea habari njema. Tumezoea kudhani ndoa hupimwa kwa namna mnavyosaidiana kwenye shida. Wao walikuta kwamba hata namna mwenzako anavyoipokea furaha yako ina uzito mkubwa. Anayechangamka, akauliza ilikuwaje, nani alikuambia, ulijisikiaje, huyo hujenga. Anayesema "hongera" ya mdomoni kisha akageukia jambo lingine, hata kama hana nia mbaya, hubomoa kidogo kidogo. Vigelegele vya ofisini vilikuingia moyoni kwa sababu hiyo, wala si kwa uchawi wala si kwa sababu mke wako hakupendi.

Ila jiweke na wewe upande wa pili wa simu. Huyu ni mwanamke aliyesimama darasani tangu asubuhi, amerudi kwenye watoto watatu, madaftari ya kusahihisha, deni, na bomba linalovuja. Mara ya mwisho yeye kukuletea habari njema ilikuwa lini, na wewe ulisema nini? Sikuulizi ili ujilaumu. Nakuuliza kwa sababu watu wawili wanaohudumiana kwa simu miaka yote hii huacha taratibu kuonyeshana furaha, maana kila mmoja anaogopa kumzidishia mwenzake mzigo au kuonekana anastarehe. Inawezekana kabisa na yeye ameandika barua kama yako kichwani mwake.

Cha kufanya: toeni mambo ya nyumba kwenye simu ya usiku. Ada, luku, fundi, deni, yote yaandikwe mchana kwa ujumbe, yajibiwe mchana, yaishie huko. Simu ya usiku isiguse pesa. Siku za mwanzo mtakosa la kusema, na ukimya huo utakutia hofu. Usikate. Anza na kitu kidogo ulichokiona, upepo ulivyorusha vumbi mpaka mkashindwa kufungua madirisha, mwenzako aliyesinzia kikaoni. Kisha muulize yeye, na swali la pili litoke kwenye jibu lake la kwanza. Na ile habari ya kukaimu irudie. Mwambie taratibu, "Mama fulani, siku ile nilitamani ushangilie na mimi." Sema hivyo tu, usimlinganishe na mtu.

Sasa huyo dada.

Umeniuliza kama umeanza usaliti. Kwa ulivyoeleza, hujasaliti. Kumzoea mtu anayekulisha na kukujulia hali kila siku ni jambo ambalo mwili hulifanya bila kuomba ruhusa kwenye cheti cha ndoa. Lakini nina kipimo ninachokiamini kuliko kile cha "tumefanya au hatujafanya". Mke wako anamjua huyu dada kwa jina? Ukimsimulia siku yako, huyu dada yumo, au unamruka? Ukikuta unamruka, basi tayari ana chumba katika maisha yako ambacho mke wako hana ufunguo wake, na hapo uzidishe tahadhari.

Usimgeuke ghafla na kumnunia, hajakukosea. Hamisha tu mazingira. Kuleni mkiwa watu wanne au watano. Chombo chake ukirudishe na kitu ndani, mbele za watu, kama inavyorudishwa kwa jirani. Na jambo moja ulishike kama sheria: usimlalamikie mke wako kwake, hata kwa utani, hata siku umechoka. Katika ndoa nilizoziona zikiyumba hapa mjini, mlango ulifunguliwa zaidi na malalamiko kuliko na tamaa. Mwanamume akishasema "mke wangu hanielewi", anayemsikiliza ameshapewa kazi ya kumwelewa. Halafu kuna heshima yake yeye. Ana ofisi, ana watu wa kwao hapa hapa, ana jina. Kama moyoni mwake anajenga tumaini, kuendelea kula mlenda wake kimya kimya ni kumpotezea muda wake.

Kuhusu watoto nitasema kidogo. Mwanao hakukudharau. Alimwomba ruhusa anayejua ratiba. Chukua kitu kimoja kiwe chako moja kwa moja, hata ukiwa Dodoma: hesabu za mtoto wa pili kila Jumanne kwa simu ya video, au viatu na sare za wote watatu kila muhula, ikijumuisha kujua namba za miguu yao. Mama yao akiulizwa aseme, "Hilo la baba yako." Mkubaliane hivyo kabla, asije akadhani unamnyang'anya usukani.

Nikija kwenye mtaa wako, nina ugomvi kidogo na wewe. Umesema michango yote unatoa. Naamini. Mchango wako unafika, wewe hufiki. Ihumwa wanakujua kwa ujumbe wa muamala. Mwaka 2018 mtafiti Jeffrey Hall alipima urafiki unachukua muda gani. Alikuta kwamba kutoka kujuana hadi kuwa marafiki wa kawaida kunachukua kama saa 50 za kuwa pamoja, na urafiki wa ndani unahitaji zaidi ya saa 200. Tena saa za kufanya kazi pamoja hazikuleta ukaribu kama zile za kukaa, kula na kupiga stori. Ndiyo maana miaka yako yote ofisini imekupa wafanyakazi wenzako wengi na rafiki mmoja, naye ni yule anayekwambia huna haki ya kulia.

Hizo saa 200 kwa Dodoma zipo Jumamosi na Jumapili, na wewe Jumamosi moja uko Dar, nyingine umefunga geti. Msiba ukitokea mtaani kwenu, usitume hela tu. Nenda ukafunge turubai, panga viti, kaa na wazee usiku hata kama huna la kusema. Ukiwakuta Wagogo waliotangulia hapo kabla ya wizara zote, sema "Mbukwa" na uone sura zinavyobadilika. Kama kabila lako lina utani na wao, una bahati kubwa, watakuburuza matangani na kukudai ng'ombe kabla hata hawajakujua jina, na kwa mtu mpweke hiyo ni tiba ambayo mimi siwezi kuitoa ofisini. Kuna kikoba, kuna kwaya au darasa la msikitini, kuna timu ya veterani inayokimbiza mpira asubuhi. Chagua kimoja tu ambacho watu wake ni wale wale kila wiki, uende hata siku huna hamu.

Na uombe. Hili wanaume wa rika lako linawashinda. Mwombe jirani ngazi, mwombe akuangalizie nyumba ukisafiri, mwombe balozi akuelekeze kwa fundi anayemwamini yeye. Mtu anayetoa tu na haombi kamwe, majirani humheshimu na kumwacha alivyo.

Kwa kuwa umesema una aibu, nikupe na upande wa afya. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000, wakakuta wenye mahusiano imara na watu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kubaki hai katika kipindi walichofuatiliwa, kwa takribani asilimia 50, kuliko wasio nayo. Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya 2025 lilikadiria kuwa mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke. Ukiona usingizi umekata kwa wiki kadhaa, chakula hakina ladha, bia za jioni zinaongezeka, au mawazo kwamba afadhali usingekuwepo, usisubiri jibu langu lingine. Hospitali ya afya ya akili ya Mirembe iko hapa hapa mjini, ina kliniki ambayo watu wanaingia, wanaongea na mtaalamu, wanarudi kazini. Utakutana humo na watumishi wenzako, na kila mmoja atajifanya hajakuona.

La mwisho ni lile uliloliandika kwa sentensi moja na kulipita: mliomba uhamisho mara moja, ukakwama, mkaacha. Kwa nini mliacha? Mtumishi wa umma kuomba kumfuata mwenza wake ni ombi linaloeleweka, na siku hizi linapitia kwenye ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma, si lazima mtu azunguke na bahasha ya kaki. Lakini nashuku kuna jambo ambalo hamjaambiana. Labda yeye hapendi Dodoma. Labda anahofia shule za watoto, au mama yake mgonjwa yuko Dar. Labda wewe umeshazoea kuishi bila mtu kukuuliza unarudi saa ngapi. Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024, safari si ile ya kushinda kutwa kwenye basi, lakini mpaka sasa ni wewe tu unayesafiri. Nyumba ya vyumba vitatu, mwenye nyumba mwenzako ameilala mara ngapi? Likizo ijayo waje wao. Alale Ihumwa wiki nzima, apike kwenye jiko lake, awajue majirani kabla yako kama wanawake wanavyofanya, na ofisini umpeleke, amsalimie kila mtu, pamoja na yule dada.

Wanandoa wanaojua tarehe ya kuishi pamoja tena huuvumilia umbali vizuri zaidi kuliko wasiojua. Kwa hiyo wiki hiyo, watoto wakishalala, kaeni muamue: mnaomba tena uhamisho, wewe ndiye unayeomba kurudi Dar, au mnabaki hivi mpaka mtoto mkubwa amalize kidato cha nne. Lolote mtakalochagua, liandikeni na mwezi na mwaka wake. Na kama mtachagua kuomba, ombi liingie kwenye mfumo kabla hajapanda treni ya kurudi.